Kaka Beda, Nililipitisha Bila Kulisoma

Njoro, Jumapili asubuhi

Kaka Beda,

Jumatatu iliyopita nililifungua faili lako nikalibadilisha. Nimeona nikuambie mwenyewe. Ni miezi saba sasa tangu tukuzike, na katika miezi yote hiyo hakuna mtu aliyeligusa. Mimi nilikuwa nikilifungua mara kwa mara, nasoma jina lako pale juu, nashuka mistari miwili mitatu, nalifunga. Nilijiambia liko sawa, lisiguswe. Halikuwa sawa, Kaka. Na ningelijua hilo mapema kama ningelisoma siku uliyoniomba nilisome.

Ngoja nianze mbali kidogo. Nikianzia hapo nitalia na barua haitaisha.

Siku yangu ya kwanza ofisini pale Soweto, hapa Moshi, nilikuja na cheti cha chuo ndani ya bahasha, nikijiona najua. Ulivuta kiti ukanikalisha mbele ya kompyuta yako. Ukanieleza kwamba mashine tunazotumia hazipo Moshi, ziko mbali huko kwenye klaudi, tunazikodi. Na kwamba hatuziundi moja moja kwa mkono. Tunaandika kiolezo, faili moja linaloeleza kila kitu: kompyuta ngapi zisimame, hifadhi ya taarifa iwe ya ukubwa gani, mlango gani uwe wazi na upi ufungwe. Ndani yake tunaacha nafasi chache za kujaza, kwa sababu zahanati ya Uru haifanani na ya Himo. Anayejenga anajaza zile nafasi, anabonyeza, na baada ya dakika chache mfumo mzima wa zahanati umesimama.

"Hatari yote iko hapa," ulisema, ukigonga kioo kwa ukucha. "Kwenye nafasi. Kwingine kote nimeandika mimi. Hapa ataandika mtu nisiyemjua, siku nisiyoijua, na labda amechoka."

Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote.

Nilikuja kuelewa wiki ya sita. Uliniachia nijenge mfumo wa ile zahanati ya Uru, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na nafasi iliyouliza aina ya mfumo. Mtu akiandika KAZI kwa herufi kubwa, kiolezo kilijua huu ni mfumo wa kweli wenye wagonjwa wa kweli. Neno lingine lolote kililichukulia kuwa ni jaribio, na mifumo ya majaribio ilikuwa inajifuta kila Ijumaa alasiri ili isirundikane. Mimi niliandika kazi, herufi ndogo. Kikapokea. Hakikuuliza kitu. Mfumo ukasimama, nikashangilia peke yangu, na wewe ukanipa parachichi kubwa kutoka kwa mama yako Kibosho, ukasema hiyo ndiyo shahada yangu ya pili.

Wiki ile nzima muuguzi Filomena alikaa akiingiza daftari lake la kliniki ya mama na mtoto. Majina ya wajawazito, tarehe zao za kurudi, chanjo za watoto. Siku tano, kidole kimoja kimoja kwenye kibodi. Ijumaa alasiri vyote vikafutika. Jumatatu alipiga simu, na mimi ndiye niliyepokea.

"Binti," alisema, "naona peupe. Hakuna hata jina moja."

Nilikuja mezani kwako. Hukujua hili: barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika kwenye simu, nasubiri tu unigombeze niitume. Ulifungua nilichojaza, ukaona ile herufi ndogo. Halafu ukasema, "Mwanaidi, wewe umekosea herufi. Mimi nimejenga mlango unaopokea neno lolote. Twende Uru."

Tulikaa Uru siku tatu. Wewe unasoma daftari, mimi naandika. Filomena siku ya kwanza hakutusemesha, alituonyesha kiti kwa kidevu. Ulikuwa unasoma yale majina kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa Jumapili, na mimi, binti wa madrasa ya Njoro, sikujua unaiga nini. Filomena ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. Siku ya pili alituletea kiburu kwenye bakuli, ndizi na maharage, tukala kwa kijiko kimoja tukipokezana.

Nakumbuka yule mama aliyeingia siku ya mwisho. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Alikuja kuuliza tarehe yake ya kurudi, na daftari lilikuwa mikononi mwako. Ulisimama ukampisha kiti, ukaitafuta tarehe yake ukurasa kwa ukurasa, ukamwandikia kwenye karatasi. Alipotoka uliniambia taratibu, bila kunitazama, "Umemwona? Huyo ndiye tuliyemfuta."

Sijawahi kusahau. Sitasahau.

Tuliporudi mjini ulikifungua kiolezo ukaanza kuweka ulinzi kwenye kila nafasi. Pale pa KAZI na JARIBIO, maneno yakawa hayo mawili tu, lingine linakataliwa kabla hata kitu hakijajengwa. Pale pa jina la zahanati, herufi na tarakimu tu, lisizidi urefu fulani. Pale pa ukubwa wa hifadhi, lazima iwe namba, isiwe chini ya hii wala juu ya ile. Lakini kilichokuchukua asubuhi nzima ni ujumbe ambao mtu atauona akikosea. Mimi nilikuwa nimeandika "Thamani batili". Ukaufuta.

"Aliyekosea ameshajua amekosea," ulisema. "Mwambie aandike nini."

Ukaandika: "Hapa andika KAZI au JARIBIO, kwa herufi kubwa. Ukiweka kingine hatujengi chochote, na hakuna kilichoharibika." Hayo maneno ya mwisho nilikuuliza ya nini. Ukasema ni ya kumtuliza. Mtu akiona maandishi mekundu moyo unampasuka, na mwenye moyo uliopasuka anakosea zaidi. Ni wewe tu, Kaka, ungewaza kumtuliza mtu kupitia faili la kompyuta.

Ulikuwa unaniita Mswahili wa Njoro, nami nakuita Mchagga wa mgombani. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unatoka na kikombe chako cha kahawa kwenda kunywa nje uani, hata mvua ikinyesha, ingawa nilikuambia mara mia kwamba hainisumbui. "Inanisumbua mimi," unasema. Kahawa ya shamba la mama yako, chungu kama shubiri, bila sukari. Kikombe hicho kiko bado kabatini. Hakuna anayekitumia, na hakuna aliyesema kisitumiwe.

Ulipoanza kuvimba miguu tulikutania. Tulisema umenenepa, unakula mtori sana. Hata wewe ulicheka. Ndiyo maana sasa siwezi kusikia mtu akitaniwa unene, natoka nje. Ilipojulikana kuwa ni figo, ulianza kwenda kusafishwa damu, na siku usizokwenda unafanya kazi ukiwa kitandani nyumbani kwako Shirimatunda, kompyuta juu ya mto. Mama yako akashuka kutoka Kibosho kuja kukutunza. Nilikuja mara mbili. Mara ya pili nilikuta mikono yako imekonda mpaka saa imepanda kwenye kiwiko. Nilikaa dakika kumi nikaaga, nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilifika kwenye shamba la mahindi la jirani yako, nikasimama nikalia kwa kujiinamia kama mtoto.

Sasa nimefika, Kaka. Ile Alhamisi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ulinitumia faili ukaandika: "Mwanaidi, nimeongeza ulinzi kwenye nafasi ya anwani. Pitia kwa jicho kali." Ulimaanisha ile nafasi inayouliza ni kompyuta zipi ziruhusiwe kufika kwenye hifadhi ya taarifa za wagonjwa. Kila sehemu ina anwani yake: namba nne zenye nukta katikati, na namba moja ya mwisho inayosema anwani ngapi ziruhusiwe. Ulikuwa umeandika mstari mrefu wa alama unaokagua kama mtu ameandika anwani yenye umbo sahihi.

Nililifungua. Niliona mistari. Sikuisoma.

Nataka nikuambie nilichokuwa nawaza, maana nimekaa nacho miezi saba. Niliwaza: huyu mtu anaumwa, ameandika hivi akiwa amelala chali, nikimrudishia na masahihisho nitamchosha. Niliwaza pia: nikimwambia ni safi, atafurahi, ataona bado ni yule yule. Nikabonyeza kupitisha. Haikufika dakika moja. Nikakuandikia: "Safi kabisa Kaka!"

Ukajibu: "Umeshamaliza? Haraka hivyo?"

Nami nikakuandikia, "Kazi yako haina kasoro."

Hukujibu tena. Ijumaa ulizidiwa ukapelekwa hospitali, na baada ya wiki mbili Dada Doreen, meneja wetu, alisimama katikati ya ofisi na simu mkononi. Tulijua.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini kuzika. Baba yangu alinitazama nikijifunga kanga, akasema tu, "Nenda, alikuwa mwalimu wako." Nilisimama kwenye kihamba chenu Kibosho, shamba la ukoo wenu, migomba imebanana, udongo mweusi umerundikwa, mlima umejifunika hauonekani. Watu waliimba kwa Kichagga. Sikuelewa maneno, nikaelewa yote.

Baada yako alikuja Lameck, kijana wa Mwanza, hodari, anapenda kuuliza. Alipewa meza ya dirishani kwa sababu meza yako hakuna aliyetaka kuitoa. Tulipata zahanati mpya tatu. Wiki chache zilizopita Lameck alikuwa anajenga mfumo wa moja kati ya hizo, akafika kwenye nafasi ya anwani. Hakuijua anwani ya zahanati ile. Alijaribu kubahatisha, ulinzi wako ukamkatalia mara mbili kwa sababu umbo halikuwa sahihi. Mwishoni akaweka sifuri nne na sifuri ya mwisho. Ukapokea.

Unajua maana yake. Kwa umbo ni anwani kamili kabisa. Kwa maana ni kwamba mtu yeyote, popote duniani, aje agonge kwenye mlango wa hifadhi ya wagonjwa. Ulinzi wako ulikagua sura ya neno, haukukagua neno linafungua nini. Wewe, uliyenifundisha mimi, ulikuwa umeusahau mlango mkubwa kuliko yote. Ulikuwa unaumwa. Na ndiyo maana uliomba jicho kali.

Mlango ule ulikaa wazi siku tisa. Lameck mwenyewe ndiye aliyegundua, alipoona kwenye kumbukumbu za mfumo watu wasiojulikana wakijaribu nywila moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Tulifunga saa ile ile. Tukapitia kila mstari wa zile kumbukumbu siku mbili mfululizo. Hatukuona aliyefanikiwa kuingia. Nywila ilisimama. Lakini ilibidi zahanati iambiwe, na ilibidi iandikwe taarifa ya nini kilitokea.

Dada Doreen akaitisha kikao. Lameck alikuwa amekasirika, macho mekundu. Alisema, "Mimi nilijaza, fomu ikakubali. Nani aliandika ulinzi wa namna hii?"

Dada Doreen akafungua historia ya faili kwenye kompyuta yake. Nilimwona akisoma. Uso ukambadilika. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni Beda. Alikuwa mgonjwa sana wakati ule. Tusimlaumu marehemu, tuendelee."

Wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Lameck akaomba radhi. Na mimi, Kaka, niliyekaa kwenye kona, niliyejua kwamba chini ya jina lako kuna mstari mdogo unaosema nani alipitisha, na kwamba Dada Doreen hakuteremka mpaka pale — mimi niliinamisha kichwa kama wengine. Kama niliyekuwa nakuombea.

Kwenye taarifa waliandika kwamba kasoro iliachwa na mhandisi ambaye sasa ni marehemu. Niliisoma kabla haijatumwa. Niliombwa nisahihishe lugha. Nikasahihisha herufi kubwa na nukta, nikairudisha. Ikaenda.

Siku tatu sikula vizuri. Mama aliniuliza kama nimeachwa na mchumba.

Jumamosi nikapanda Kibosho. Sikumwambia mtu. Sikujua naenda kusema nini kaburini, nilijua tu naenda. Nilipopita kwenye mpaka wa kihamba chenu niliona majani ya isale, yale marefu ya kijani mnayopanda mipakani na makaburini. Uliwahi kunieleza kwamba kwenu mtu akimkosea mwenzake vibaya huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea, na aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Nikachuma moja. Nikalifunga vibaya vibaya. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwako, jani mkononi, mama yako aliponikuta. Alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, mundu begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akalitazama jani. Akanitazama. "Nani kamkosea nani?"

Sikuweza kumdanganya. Tukakaa kwenye benchi nje ya jiko lake na nikamweleza yote, kwa maneno ya kawaida kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kazi yetu ilikuwa kuandika fomu inayowakatalia watu wakijaza vibaya. Kwamba mwanawe alisahau kitu kimoja, akaniomba nimwangalizie, nami sikuangalia. Kwamba juzi mlango ulikaa wazi na ofisini wamesema ni kosa la Beda, na mimi nilikuwepo nikanyamaza.

Alisikiliza akiwa anachambua majani miguuni pake. Nilipomaliza akaniuliza, "Hiyo ilikuwa siku moja kabla hatujampeleka hospitali?"

Nikasema ndiyo, Alhamisi.

"Basi alijua," alisema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Alifunga kile kikompyuta chake akasema, 'Mama, huyu binti hakusoma. Ananihurumia.' Nikamwuliza, utamwambia? Akasema, 'Leo nimechoka. Nitamwambia kesho.'"

Ulijua. Ulilala pale ukijua kwamba sikuisoma kazi yako, na kwamba sababu ni huruma. Nikamwuliza mama yako kama ulikasirika. Alifikiri kwanza, hakutaka kunipa jibu tamu. Akasema ulisikitika. Akasema hukuwa unapenda kuhurumiwa. Hata kulishwa ulikataa mpaka siku za mwisho kabisa, ulikuwa unamwaga uji kifuani ukijilisha mwenyewe.

Niliona hasira pia, nakuambia ukweli. Nikawaza, kwa nini hukuniamsha? Kwa nini hukuandika neno moja tu, "Soma"? Halafu nikakumbuka saa yako ilivyokuwa imepanda kwenye kiwiko, nikaiona hasira yangu ilivyo ya bure.

Mama yako akalichukua lile jani mkononi mwangu. Akalifungua fundo polepole, akalinyoosha juu ya goti lake. "Hili hupewa mtu aliye hai," alisema. "Yule pale hana ugomvi na mtu tena. Wapo uliowakosea ambao bado wanapumua. Nenda kawaambie." Kisha akaingia jikoni akanitolea mtori, na hakulitaja tena jambo hilo. Nilipoaga alinishindilia ndizi mbivu kwenye mfuko mpaka mfuko ukachanika.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Walipokuja niliwaomba wakae. Nikawaonyesha ule mstari wa chini: umepitishwa na Mwanaidi, Alhamisi, na muda. Dakika moja haikutimia kati ya kupokea na kupitisha. Nikasema Beda aliomba jicho kali, nami sikusoma hata neno. Nikasema taarifa tuliyotuma ina uongo ndani yake, na uongo huo niliusahihisha herufi kwa mkono wangu.

Dada Doreen aliusoma ule mstari. Halafu akafunika uso kwa viganja. "Na mimi sikutaka kuteremka chini ya jina lake," alisema. "Niliona jina nikasimama hapo."

Hakunifukuza. Ameniondolea ruhusa ya kupitisha kazi peke yangu, na sasa kila badiliko linasomwa na watu wawili, akiwemo yeye. Taarifa imeandikwa upya, jina lako limetajwa kama lilivyo na langu limetajwa kama lilivyo. Zahanati ile niliipigia simu mwenyewe. Mganga mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali magumu, akasema ataamua na kamati yake kama wataendelea nasi. Hawajaamua. Inawezekana tukawakosa. Naisubiri simu yao kila siku, ikiita nashtuka.

Jumatatu ile ile, baada ya kikao, nililifungua faili lako. Nilikaa na Lameck. Ule mstari wako wa kukagua umbo tumeuacha. Ni mzuri, nimeusoma sasa alama kwa alama, umekataa makosa mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Chini yake tumeongeza mwingine unaokataa sifuri zote, na unaokataa namba ya mwisho ikiwa inaruhusu anwani nyingi kuliko zahanati moja inavyoweza kuwa nazo. Kisha nikaandika ujumbe wa kosa: "Anwani hairuhusiwi." Lameck akaweka zile sifuri zake tena kwa makusudi, maandishi mekundu yakatokea, akayasoma, akanigeukia.

"Sawa, imenikatalia," alisema. "Sasa niandike nini?"

Hajawahi kukuona. Hakujua kwa nini niliinuka nikaenda uani.

Niliporudi niliandika hivi: "Anwani hii inamruhusu kila mtu duniani kufika kwenye taarifa za wagonjwa. Weka anwani ya zahanati yenyewe. Kama huijui, usibahatishe. Ipigie zahanati uwaulize. Hakuna kilichojengwa bado, na hakuna kilichoharibika." Dada Doreen aliusoma, akaomba neno moja libadilishwe. Nikalibadilisha. Lameck akasoma mstari wa pili, akakuta kosa langu, nimeweka alama mahali pasipo pake. Nikalirekebisha. Tulichukua asubuhi nzima kwa mistari minne. Jina lako bado liko pale juu. Langu nimeliweka chini yake, pamoja na neno kwamba nimebadilisha na kwa sababu gani.

Kahawa za mama yako zimechanua, kihamba chote ni cheupe na kinanukia. Amesema mwaka huu hana mtu wa kumvunia upande wa bondeni. Mimi na Lameck tutapanda kumsaidia, ingawa kijana wa Mwanza hajui hata kikapu cha kuvunia kinavyofungwa. Nitamfundisha, na mimi sijui. Mama yako atatucheka.

Kaka Beda, naaga sasa. Sikusoma ulichoniandikia mwisho, na hakuna njia ya kukirudisha kwako na masahihisho. Ninachoweza ni hiki. Mtu akinipa kazi yake niitazame, nitaisoma mpaka mstari wa mwisho. Akiwa mgonjwa nitaisoma. Akiwa bosi wangu nitaisoma. Akiwa mtu ninayempenda nitaisoma mara mbili, na nikiona kosa nitamwambia siku hiyo hiyo, angali ananisikia.

Pumzika, Kaka.

Mdogo wako,
Mwanaidi